Mfupa wa bucha, ngozi ya dukani au karoti: mbwa atafune nini?

SWALI: "Daktari, habari za kazi. Ninaishi Moshi, nina mbwa jike wa miezi saba, baba yake German Shepherd, mama yake mbwa wa kienyeji. Ameshamaliza kandambili mbili za mwanangu na sasa yuko kwenye mguu wa kochi. Kijana wa bucha hunipa mifupa ya ng'ombe kila Jumamosi, naichemsha kwanza ili kuua vijidudu. Jirani ananiambia mfupa uliochemshwa ndio unaoua mbwa, heri mbichi. Supamaketi nimeona mifupa ya ngozi nyeupe iliyofungwa mafundo, bei yake si mchezo. Nimnunulie hiyo? Nataka kitu cha kumtuliza ambacho hakitamdhuru."

JIBU: Ndugu yangu wa Moshi, jirani yako kapatia nusu. Mfupa uliochemshwa kweli ni mbaya kuliko mbichi, na ushahidi uko kwenye sufuria yako mwenyewe. Supu ya mifupa ikilala usiku kucha, asubuhi unaikuta imeganda. Kilichoigandisha ni kolajeni, protini iliyokuwa ndani ya mfupa ikiufanya unepe kidogo kabla ya kuvunjika. Ikishatoka, yanabaki madini makavu, na mfupa huo ukiumwa unapasuka vipande vyenye ncha. Vipande hivyo hukwaruza umio, hukwama, na vingine hutoboa utumbo kabisa. Mifupa ya kuku ndiyo mibaya zaidi, maana ni myembamba, ina uwazi ndani, na inapomfikia mbwa imeshakaangwa au kuchomwa. Najua nitaambiwa mbwa wa kijijini wamekula mifupa ya kuku tangu enzi za mababu na hawafi. Wanakufa. Ila hakuna anayewapasua kuangalia kilichowaua, basi husemwa mtu kawalisha sumu.

Nusu aliyoikosa jirani ni kwamba mfupa mbichi nao una mambo yake. Ndiyo maana jibu langu kwa mbwa wako ni fupi: kwa sasa asipewe mfupa wowote, mbichi wala wa kuchemshwa, na hiyo ngozi ya mafundo usinunue. Cha kumpa kipo, na kingine utakipata kwa kijana huyo huyo wa bucha. Nitakifikia.

Kwanza meno yake. Mbwa huzaliwa bila meno, huota 28 ya utoto, kisha kuanzia miezi mitatu minne hivi yanaanza kung'oka na kupisha 42 ya ukubwani. Wako ana miezi saba, kwa hiyo kazi hiyo imeshakwisha au iko ukingoni. Hatafuni kochi kwa sababu fizi zinamuwasha. Anatafuna kwa ujana, nguvu nyingi na kukaa peke yake mchana kutwa. Meno mapya yanatudanganya. Nje yameshakuwa makubwa na meupe, lakini ndani bado kuna uwazi mpana wenye mishipa ya damu na ya fahamu, na kuta zake hazijakomaa. Juu ya hapo, enameli ya mbwa, lile gamba gumu la nje ya jino, ni nyembamba kuliko yetu. Sehemu nyingi haifiki milimita 1, wakati ya binadamu huweza kufika 2.5.

Sasa angalia anavyotafuna. Hasagi kwa kupeleka taya huku na huku kama ng'ombe anayecheua. Anapeleka kitu pembeni mwa mdomo, kwenye gego kubwa la juu, na taya linafunga kama mkasi. Nguvu yote inaishia kwenye jino hilo moja. Likikutana na mfupa wa paja la ng'ombe, mfupa uliokuwa ukibeba mnyama wa kilo mia kadhaa, mara nyingi jino ndilo linaloshindwa: upande wake wa nje unachanika na kudondoka. Mbwa halii. Anahamia upande wa pili na kuendelea kula, nawe hujui kitu. Miezi inapita, unaona uvimbe chini ya jicho, unadhani kaumwa na nyuki. Uvimbe unapasuka, unatoka usaha, unapona, unarudi tena. Wengi huletwa kwetu wakitafutiwa dawa ya macho. Ukifunua mdomo unakuta gego limepasuka hadi ndani na mzizi umeoza, na hapo dawa ni kuling'oa akiwa kwenye nusu kaputi.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha kitu chochote cha kutafuna ni ukucha wa dole gumba. Ubonyeze kwa nguvu. Kama hauachi hata alama, kitu hicho ni kigumu mno kwa jino la mbwa. Kipimo kingine cha aina hiyo ni kujiuliza kama ungekubali kujigonga nacho gotini. Mfupa wa paja unaanguka hapo, na kwato pia, na pembe, hata zile pembe za paa za Ulaya zinazouzwa kwa bei ya ajabu zikisifiwa kuwa ni "asilia". Jiwe nalo ni asilia.

Kuna ajali moja ya mfupa wa supu ambayo wenye mbwa hawaifikirii hadi iwakute. Bucha nyingi siku hizi hukata mfupa kwa msumeno wa umeme, unatoka kipande cha mviringo mfano wa pete, uboho katikati. Mbwa anaulamba uboho, anaingiza ulimi, anasukuma taya la chini ndani ya tundu. Pete inapita nyuma ya chonge, na chonge zimepinda, kwa hiyo kurudi haiwezekani. Anaanza kujikwaruza uso kwa miguu, mate yanachuruzika, ndani ya muda mfupi ulimi na kidevu vimevimba. Ukikutana nayo, paka mafuta ya kupikia, jaribu kuizungusha taratibu mara moja. Isipotoka, usivute. Tunampa dawa ya kulala na kuikata kwa msumeno mdogo, dakika chache tu. Na uboho wenyewe ni mafuta matupu. Mbwa asiyeuzoea huharisha, na wapo wanaopata uvimbe wa kongosho, ugonjwa unaoweza kuua.

Ile mifupa ya ngozi ya dukani imetengenezwa kwa tabaka la ndani la ngozi ya ng'ombe, lililonyonyolewa kwa chokaa na kemikali, likasafishwa, mara nyingi likang'arishwa, likasokotwa na kukaushwa. Ikiwa kavu ni ngumu. Ikilowa mate inageuka kipande laini chenye utelezi, na hapo ndipo shida ilipo: mbwa mroho haendelei kutafuna, anakimeza. Lile fundo la mwisho ni ukubwa kamili wa kukwama kwenye umio. Kwa mbwa mzee mwenye kutafuna polepole, mwenyewe akiwa amekaa pembeni, sina ugomvi nayo sana. Kwa kijana aliyemaliza kandambili mbili, hapana.

Wala usiamini kwamba kilichofungwa vizuri kwenye paketi kimepimwa. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu mifupa ya kutafuna inayouzwa madukani, ile iliyokaushwa au kupakwa moshi. Walikuwa wamepokea taarifa zipatazo 68, zikihusu mbwa karibu 90: waliopaliwa, walioziba utumbo, waliochanika mdomo. Mbwa wapatao 15 walikufa. Hiyo ni nchi yenye watu wa kupokea malalamiko. Paketi inayofika kwetu ikiwa na maandishi ya lugha usiyoisoma, bila tarehe wala anwani, iache rafuni. Na usije ukaenda kuomba vipande vya ngozi kwa fundi viatu ukidhani umeokoa pesa. Ngozi ya viatu kwa kawaida imetengenezwa kwa chumvi za kromu, si kitu cha kuingia tumboni.

Kabla ya kuja kwenye vizuri, niseme vile vya bure vinavyookotwa uani, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyotuletea kazi. Kinara ni gunzi la mahindi. Mtu anakula hindi la kuchoma lililopakwa limau na chumvi, anatupa gunzi, mbwa analiguguna mara mbili na kulimeza vipande. Gunzi haliyeyuki tumboni. Linaweza kukaa humo siku nyingi, hata wiki, mbwa akionekana mzima, halafu siku moja likasogea kwenye utumbo mwembamba na kuziba. Kwenye eksirei mara nyingi halionekani kama mfupa unavyoonekana, kwa hiyo ukimleta na usitaje kwamba mlikula mahindi, unatupotezea muda ambao hana. Kokwa la embe lina tabia hiyo hiyo, na utelezi wake ndio unaomponza. Kifuu cha nazi kinatoa vibanzi, makumbi yanatoa nyuzi. Kamba ya katani au kitambaa cha kitenge kilichofungwa fundo ni mchezo mzuri wa kuvutana mkiwa wawili, lakini ukimwachia peke yake atakinyofoa nyuzi na kuzimeza, na uzi mrefu ukinasa huukunja utumbo na kuukata. Ukiona uzi unaning'inia nyuma usiuvute kamwe. Tairi kuukuu na ndala zake usimpe pia, ndani mna nyaya za chuma.

Dalili za kuziba hazifichiki: anatapika na kurudia, hata maji hayakai, anakataa chakula anachokipenda, anajikamua bila kutoa kitu, au ananyoosha miguu ya mbele na kuinamisha kifua huku makalio yako juu, akitafuta nafuu ya tumbo. Usimpe maziwa, mafuta wala tonge la ugali "kusukuma". Usimtapishe pia, kwani mfupa uliokata ukishuka utakata ukipanda. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Haya, vya kumpa.

Anza na karoti. Karoti mbichi, nzima, nene, iliyolala kwenye friji. Ni ngumu ya kutosha kumfurahisha, inapita kipimo cha ukucha, na akimeza kipande tumbo halina neno nayo. Usishangae tu ukiiona vilevile kwenye kinyesi. Moshi na Lushoto hamna shida ya karoti. Ya pili ni kiazi kitamu. Kikate kwa urefu vipande vya unene wa kidole, vipange kwenye oveni kwa moto mdogo saa kadhaa hadi viwe kama ngozi, vyenye kunyumbuka. Usimpe kibichi.

Kwa kijana wa bucha, badala ya mifupa omba masikio na koo la ng'ombe, lile bomba la hewa lenye gegedu. Mara nyingi havina mnunuzi. Masikio yababue manyoya, yaoshe. Koo lina jambo moja ambalo wachinjaji wengi hawalijui: pembeni mwake, chini kidogo ya zoloto, kuna tezi nyekundu inayofanana na kipande cha nyama. Hiyo ni tezi ya thairoidi, na homoni yake haiishi kwa kupikwa. Mbwa akiila mara kwa mara anakonda, anakunywa maji mengi, anakosa utulivu, moyo unamwenda mbio. Mwaka huo huo wa 2017, huko Marekani vyakula na vitafunio vya mbwa vya nyama ya ng'ombe viliondolewa madukani kwa sababu ya homoni hiyo. Ikate itupwe. Kisha lipasue koo kwa urefu lisibaki bomba, lichemshe pamoja na masikio nusu saa au zaidi. Gegedu haliwi kama mfupa likichemshwa, linabaki la kutafunika. Kama una oveni, likaushe kwa moto mdogo. Kama huna, mpe likishapoa siku ile ile. Kuanika kwenye bati juani ni kuwaalika nzi.

Kinachodumu kuliko vyote ni mpira mgumu wenye uwazi ndani, wa kujazwa chakula. Unaojulikana sana ni KONG, na asili yake ni mbwa kama wako. Miaka ya 1970 huko Colorado, bwana mmoja aitwaye Joe Markham alikuwa na German Shepherd, Fritz, aliyekuwa akijimaliza meno kwa kutafuna mawe. Siku moja akiwa anatengeneza gari lake la Volkswagen akamrushia kipande cha mpira kutoka kwenye gari, Fritz akaacha mawe na kushikamana nacho. Bei yake inauma, sikatai, ila ukigawa kwa kandambili na kochi utaona. Nunua saizi kubwa kuliko unayodhani inamtosha. Ujaze ugali wa dona uliochanganywa na mapupu yaliyochemshwa au dagaa, ugandishe kwenye friza usiku, umpe asubuhi unapotoka. Atahangaika nao saa nzima. Ukitaka kupaka siagi ya karanga, soma kopo kwanza: ikiandikwa "xylitol", sukari mbadala isiyo na madhara kwetu, usiguse. Kiasi kidogo tu kinaushusha ghafla kiwango cha sukari kwenye damu ya mbwa, na kikizidi kinaharibu ini. Wasomaji wa Kenya wenye mikaranga ya makadamia shambani nao wajue, makadamia humlegeza mbwa miguu ya nyuma hadi ashindwe kusimama.

Nimesema mapupu yaliyochemshwa na sirudi nyuma hapo. Mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji ndiyo njia ya tegu mdogo aitwaye Echinococcus kumwingia mbwa. Mbwa mwenyewe haugui. Anatoa mayai kwenye kinyesi, mayai yanashika kwenye manyoya, mtoto anamkumbatia, na miaka baadaye mtu huyo ana uvimbe wa maji kwenye ini au pafu unaohitaji upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, hadi shirika la afya la AMREF likaanzisha mpango wa kupambana nao mwaka 1983. Kwa wafugaji wa Ngorongoro pia umepatikana. Chemsha nusu saa, ndani kusibaki damu, na kila miezi mitatu mpe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli. Isome kwenye paketi, kwa sababu dawa nyingi za bei rahisi kwenye maduka ya pembejeo hazina, na tegu huyo zinamwacha.

Vijidudu unavyoviogopa kwenye mfupa viko kweli, ila hatari yake inakulenga wewe na mtoto kuliko mbwa. Mwaka 2019, watu 154 katika majimbo 34 ya Marekani waliugua salmonela, maambukizi ya bakteria yanayoharisha, iliyohusishwa na masikio ya nguruwe ya kutafunwa na mbwa. Kwa hiyo osha mikono kwa sabuni, na sehemu ya kutafunia isiwe zulia la sebuleni.

Namna ya kumpa nayo ina kanuni zake. Kiwe kirefu kuliko mdomo wake, na kikibaki kipande kinachoweza kuingia chote mdomoni, kichukue, kwani hapo ndipo anapokimeza. Usimnyang'anye kwa nguvu. Mpe kipande cha nyama, akiachia ndipo uchukue. Anayenyang'anywa hujifunza kumeza haraka au kung'ata mkono. Mtoto asimsogelee anapotafuna. Na vyote hivi visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku.

Jambo la mwisho nalisema kwa sauti zaidi. Ikitokea mbwa, wako au wa jirani, amekaa mdomo wazi, mate yanatiririka, taya limelegea, hawezi kumeza na sauti imebadilika, kila mtu atasema "kakwamwa na mfupa". Huenda ni kweli. Lakini hizo hizo ndizo dalili za kichaa cha mbwa cha aina ya kupooza, kile ambacho mbwa hakimbizi watu wala hang'ati ovyo. Wenye huruma huingiza mkono kutafuta mfupa, na mate yanapita kwenye mchubuko mdogo wa kidole. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huo karibu hauponi. Kwa hiyo usiingize mkono. Mfungie mahali, piga simu kwa daktari wa mifugo, na mwambie kama amechanjwa na lini. Kama mate yameshakugusa penye jeraha, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Katika swali lako hukutaja chanjo. Mbwa huchanjwa akitimiza miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Wako ana saba. Kama hana cheti, mpeleke wiki hii kwenye ofisi ya mifugo ya kata au wilaya, na ukiwa hapo mwombe daktari amfunue mdomo amkague yale magego ya juu, kwa vile mifupa ya Jumamosi ameshaila ya kutosha.